Karatasi Isiyovuta Pumzi

Kila siku ya sita napanda ngazi ya chuma
hadi juu ya paa la shule, Chaani,
kibano mfukoni, kisanduku kifuani
kama aliyebeba mayai.
Ndurya, mlinzi, ananiuliza swali lile lile:
"Leo hewa ina kilo ngapi?"
Nami namjibu lile lile: "Subiri, haijapimwa."

Mashine inakoroma kama paka aliyeshiba.
Lita kumi na sita na ushei kila dakika,
usiku na mchana,
haikohoi, haiombi ruhusa ya kwenda zahanati.
Tumboni mwake mna karatasi ya duara,
upana wa kitumbua kidogo.
Naiweka nyeupe.
Kesho yake naitoa ina rangi ya kisigino.

Mna masizi humo, ya malori
yaliyolala foleni na injini macho
yakingoja zamu ya kuingia bandarini.
Mna vumbi la saruji,
mna moshi wa mkaa wa muuza viazi karai,
mna dawa ya mbu ya nyumba nne jirani.
Mna chumvi ya bahari pia;
hiyo haina kesi, ni mwenyeji.

Bi Mkejuma wa nyumba ya pili anacheka:
"Mimi napima kwa kitambaa tangu wewe hujazaliwa.
Kioo cha televisheni, mara tatu kwa siku.
Zamani ilikuwa mara moja, tena Ijumaa."
Niliyaandika pembeni mwa daftari,
maana fomu haina safu yake.

Lakini ipo karatasi moja sijaitaja.
Kila mwezi napanda na moja isiyofanya kazi.
Naifunua, naiweka, naitoa papo hapo;
pampu haiwashwi.
Kazi yake ni kutokuwa na hatia:
ipande tupu, ishuke tupu,
irudi maabara na uzito wake ule ule.
Ikiongezeka, kosa si la hewa.
Kosa ni letu.

Mwezi huu Mwadime alinipigia simu
kutoka chumba cha mizani, kule ambako hata kupiga chafya ni mwiko.
"Ile tupu imeongezeka."
"Kiasi gani?"
"Maikrogramu thelathini na moja.
Uliidondosha? Ulizungumza juu yake? Glavu ulivaa?"
Nilivaa.
"Basi mwezi mzima nitaufuta," akasema, kwa upole,
kama daktari anayetafuta kiti kwanza.

Usiku ule nilitandika shuka jeupe sakafuni
nikakung'uta buibui langu juu yake.
Natoka Magongo kwa miguu, kila siku,
ubavuni mwa malori yale yale.
Sikuhitaji mizani.

Miaka miwili nahesabu vumbi la watu
na mimi mwenyewe ni karatasi isiyo namba.
Vuta, toa. Vuta, toa.
Wala hakuna atakayejua nimebeba kiasi gani,
kwa sababu kanuni ni moja, nayo naifundisha wageni:
usipopima kabla, usijisumbue kupima baada.
Mimi nani alinipima kabla?
Na hawa walio chini ya paa,
sauti zao zikipanda na jedwali la saba,
saba mara sita, saba mara saba,
mmoja akikatizwa na kikohozi
kisha akiwawahi wenzake kwenye arobaini na tisa?

Ile tupu nilikataa isitupwe.
Iko jikoni kwangu, ndani ya kisahani cha plastiki,
na kwa macho ni nyeupe bado,
ungeapa haijaguswa.
Bi Mkejuma alipokuja kuomba limau
nilimwonyesha. Nikamweleza yote, hata namba.
Akakiinua kisahani kwenye mwanga wa dirisha,
akakigeuza,
akafuta kifuniko kwa ncha ya leso, mazoea tu.
Hakunijibu neno.
Akanionyesha leso.